Kabla Hujabadili Lenzi ya 18-55, Zihoji Kwanza Picha Zako

Swali la kama ubadili lenzi ya kamera yako huja Jumapili asubuhi, baada ya Jumamosi ya harusi. Picha za nje zimetoka safi na za ibada zinapita, lakini za ukumbini usiku zimejaa chengachenga, mkono wa bwana harusi umegeuka moshi, na mama mzazi aliyekuwa akicheza hana uso unaosomeka. Lawama yote inaangukia lenzi iliyokuja kwenye boksi la kamera, ile 18-55mm f/3.5-5.6, na macho yanahamia kwenye zumu ya f/2.8, inayoingiza mwanga mwingi zaidi.

Pengine lawama hiyo ni ya haki. Lakini zumu ya f/2.8 ni fedha nyingi, na inatibu magonjwa machache kuliko inavyosifiwa. Habari njema ni kwamba jibu lako tayari limo kwenye memori kadi. Kila picha uliyopiga imehifadhi milimita (umevuta zumu kiasi gani), tundu (uwazi wa lenzi unaopitisha mwanga, unaoandikwa kwa f), kasi ya shata (muda wa kupokea mwanga) na ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga), na kwa jioni moja ya kazi unaweza kujua kama unahitaji lenzi mpya, flashi, au mazoezi tu ya kushika kamera.

Tunamlenga mwenye kamera ya sensa ya APS-C, ile iliyo ndogo kuliko fulu fremu: Canon kama 1300D au 80D, Nikon kama D3500, D5600 au D7500, au Sony a6400 yenye 16-50mm yake. Mwenye fulu fremu atafaidika na vipimo, ila majina ya lenzi yatakuwa mengine.

Soma namba zilizo mdomoni mwa lenzi

Geuza lenzi uangalie maandishi yanayozunguka kioo cha mbele. 1:3.5-5.6 maana yake ni kwamba tundu linafunguka hadi f/3.5 ukiwa kwenye 18mm, na linaishia f/5.6 ukiwa kwenye 55mm. Lione kwa macho: weka kamera kwenye Av kwa Canon, au A kwa Nikon na Sony (hapo unachagua tundu mwenyewe), zungusha gurudumu mpaka namba ya f iwe ndogo kabisa, kisha vuta zumu polepole kutoka 18 kwenda 55 huku ukitazama skrini. 3.5 itakuwa 4, itapita 4.5 na 5, itatua kwenye 5.6. Hujagusa kitu kingine zaidi ya zumu, na tayari mwanga unaoingia umebaki chini ya nusu ya ule wa mwanzo.

Lenzi yenye f/2.8 ya kudumu inabaki 2.8 mwanzo hadi mwisho. Hapa ndipo hesabu huwapotea wengi, kwa sababu faida yake haifanani kila mahali kwenye zumu. Ukiwa 18mm, kutoka f/3.5 kwenda f/2.8 unapata mwanga kama mara 1.6 tu, yaani theluthi mbili za stopu (stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili). Ukiwa 55mm, kutoka f/5.6 kwenda f/2.8 unapata mwanga mara 4, stopu 2 kamili. Lenzi ni ile ile na bei ni ile ile, lakini anayepiga ukumbi mzima kwa 18mm ananunua faida ndogo sana, na anayevuta sura za watu kwa 50mm ananunua faida kubwa.

Stopu 2 zina thamani gani ukumbini? Chukua picha iliyopigwa 55mm, f/5.6, 1/50, ISO 6400. Kwa f/2.8 una njia tatu: 1/200 kwa ISO 6400 ile ile ili kugandisha anayecheza; 1/50 kwa ISO 1600 kama mtu ametulia na unataka kuondoa chenga; au katikati, 1/100 kwa ISO 3200. Mwanga ule ule haulipi madeni mawili kwa ukamilifu. Ukiutumia wote kwenye kasi ya shata, chenga zitabaki kama zilivyokuwa.

Hesabu picha zako

Chukua kazi tatu za karibuni, na kutoka hizo zikusanye picha ulizomkabidhi mteja, zisipungue 300. Zile ulizozitupa ziweke folda ya pili. Zitafanya kazi yake baadaye.

Kwenye Lightroom Classic, ingia "Library", bonyeza kitufe cha \ ili mstari wa kuchuja utokee juu, chagua "Metadata", kisha badili vichwa vya safu viwe "Lens", "Focal Length", "Aperture" na "ISO Speed". Programu itakuhesabia yenyewe: picha ngapi ziko 18mm, ngapi 35mm, ngapi 55mm. Ukibofya 55mm, safu za jirani zitakuonyesha ISO zilizotumika kwenye picha hizo tu.

Asiye na Lightroom atumie ExifTool, ambayo ni ya bure. Amri hii inatoa jedwali unaloweza kulifungua kwenye Excel:

exiftool -csv -r -FocalLength -FNumber -ExposureTime -ISO FOLDA > picha.csv

Mahali palipoandikwa FOLDA weka jina la folda yako. Kisha panga safu kwa milimita na usome.

Kama picha nyingi zimejikusanya 55mm, f/5.6, ISO 3200 na kuendelea, wewe ndiye mtu ambaye zumu ya f/2.8 ilitengenezwa kwa ajili yake. Kama zimejikusanya 18mm, tatizo lako huenda ni nafasi: unarudi nyuma mpaka mgongo unagusa ukuta. Hapo lenzi pana ya 10-18mm au 10-20mm itakufaa zaidi, maana 17mm ya lenzi mpya inakuongezea upana wa kubania tu. Kama zimejikusanya 55mm lakini f ni 8 na ISO ni 200, unapiga nje na unatamani kufika mbali. Hilo ni suala la 55-250mm au 70-300mm, wala giza halihusiki. Na kama picha nyingi ziko chini ya ISO 800, fedha yako iache ilipo. Hakuna mteja atakayeona tofauti.

Kuna namba moja ya kuitilia maanani zaidi: ni sehemu gani ya picha unazolipwa iko kwenye giza la zumu ndefu, yaani karibu na 55mm, f/5.6, ISO 3200 na kuendelea? Tunachukulia robo kuwa mpaka. Chini ya robo, tafuta dawa ya bei ndogo kwanza. Juu yake, endelea kusoma hadi kwenye uchaguzi wa lenzi.

Folda ya zilizotupwa

Sasa fungua zile ulizozikataa, zikuze hadi asilimia 100, na uzigawe kwa aina ya ugonjwa. Kazi hii inachosha, lakini hakuna nyingine katika uamuzi huu yenye faida kama hii.

Picha ambayo kila kitu kimevutika kuelekea upande mmoja, ukuta, meza, watu na taa, ni mkono uliotikisika. Angalia nukta za mwanga: taa ndogo za mapambo zitakuwa vijistari vinavyolala upande mmoja. Dawa ni kizuia mtikisiko, ambacho lenzi yako huenda inacho tayari (IS kwa Canon, VR kwa Nikon, hakikisha swichi haijazimwa), au kasi ya shata isiyopungua 1/80 ukiwa 55mm, au viwiko kubana mbavu.

Picha ambayo ukuta na viti vimetulia lakini mtu amevutika, huyo alisogea. Hapa kizuia mtikisiko hakisaidii hata kidogo, kwa kuwa kinatuliza mkono wako na hakiwezi kumtuliza anayecheza. Mtu anayezungumza akiwa amesimama anahitaji kama 1/100, anayetembea 1/200, anayecheza 1/250 au zaidi. Ugonjwa huu f/2.8 inautibu, kwa sababu inakupa kasi.

Picha ambayo kuna kitu kimetoka kikali lakini si kile ulichokitaka, mfano shela ya bibi harusi inaonekana uzi kwa uzi huku macho yamefifia, fokasi ilitua pabaya. Mara nyingi chanzo ni kuiachia kamera ichague yenyewe nukta ya fokasi. Weka nukta moja, ya katikati au iliyo karibu na jicho. Ukinunua f/2.8 kabla ya kurekebisha tabia hii, utapata picha mbovu nyingi zaidi: kwa mtu aliye mita 2 mbele yako, 55mm kwa f/5.6 inakupa kina cha takriban sentimita 28 kilicho kwenye fokasi, na kwa f/2.8 kinabaki kama sentimita 14. Fokasi ikikosea kidogo nyuma ya jicho, ile 28 ilikuwa inakusamehe. 14 haikusamehe.

Picha yenye chenga tu, watu wametulia na fokasi imekaa, ina njaa ya mwanga. f/2.8 inasaidia, flashi inasaidia zaidi. Kabla ya kulaumu ISO, angalia kama uliipiga ikiwa na giza halafu ukaing'arisha kwenye kompyuta. Kung'arisha kwa stopu 2 baada ya kupiga huleta chenga nyingi, hasa kwenye vivuli, kuliko kupandisha ISO palepale ukumbini.

Na picha zenye michirizi ya giza na mwanga iliyolala kama mistari ya daftari zinatokana na taa za LED zinazopepesa. Umeme wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, hivyo jaribu 1/50 au 1/100. Michirizi mingi hupungua au huisha. Hakuna lenzi duniani inayoondoa hilo.

Mpe mtuhumiwa nafasi ya kujitetea

Kama unasema lenzi haina ukali, ipime kabla ya kuihukumu. Anza kwa kufungua filta ya UV ya bei ndogo iliyopo mbele yake. Filta mbovu huleta mng'ao wa ajabu kwenye taa za ukumbi na hulainisha picha nzima. Futa kioo kwa kitambaa laini cha lenzi, kwa mzunguko kutoka katikati kwenda nje. Alama ya kidole iliyokaa miezi sita inaharibu picha kuliko watu wanavyofikiri.

Bandika ukurasa mzima wa gazeti ukutani, mahali penye mwanga wa dirisha. Weka kamera juu ya stendi, usawa wa katikati ya gazeti, ikitazama ukuta moja kwa moja bila kuinama. Zima kizuia mtikisiko, washa taima ya sekunde 2, weka ISO 100, tumia skrini ya nyuma badala ya tundu la kuchungulia, kuza mara 10 na uweke fokasi kwenye herufi ndogo za katikati. Piga kwa 18, 35 na 55mm. Kila mahali piga kwa tundu kubwa kabisa, kisha f/5.6 kama haijafika hapo, kisha f/8.

Kwenye kompyuta tazama katikati kwanza. 18-55 nyingi za Canon na Nikon za miaka ya karibuni hutoa herufi kali kabisa kwa f/8, na mteja wa albamu hataweza kuzitofautisha na lenzi ghali. Kisha linganisha pembe nne. Zote zikififia kwa kiasi kinachofanana, ndivyo lenzi ilivyo. Pembe moja ikififia vibaya huku nyingine tatu zikiwa sawa, hata kwa f/8, vioo vimekaa upande, mara nyingi baada ya kuanguka. Hiyo ni lenzi inayostahili kustaafu, hata ukiibadilisha na 18-55 nyingine iliyotumika.

Rudia picha moja ya 55mm kwa fokasi ya tundu la kuchungulia. Kama ya skrini ni kali na ya tunduni imefifia kila mara, kamera na lenzi hazisemi lugha moja. Canon 80D ina menyu ya kurekebisha hilo. 1300D na D3500 hazina. Mwenye kamera isiyo na menyu hiyo ajue kwamba lenzi ya f/2.8 nayo inaweza kuja na tofauti yake, kwa hiyo asinunue bila kujaribu kwenye kamera yake mwenyewe.

Dawa za bei ndogo

Kabla ya zumu kubwa kuna vitu viwili vinavyogharimu sehemu ndogo ya bei yake.

Cha kwanza ni lenzi ya f/1.8 isiyo na zumu. Canon EF 50mm f/1.8 STM ya mwaka 2015 ina uzito wa gramu 160. Kwa Nikon kuna AF-S DX 35mm f/1.8G ya mwaka 2009, gramu 200. Ukilinganisha na f/5.6, f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10. Hata ile zumu ghali ya f/2.8 inaachwa nyuma kwa zaidi ya mara 2. Hasara yake ni miguu: 50mm kwenye APS-C ni nyembamba, na ukiwa umebanwa kati ya meza na jukwaa huwezi kurudi nyuma. Kwa keki, pete, sura za wazazi na mshereheshaji, inatosha sana. Kwa msafara unaoingia ukumbini, utahangaika.

Cha pili ni flashi ya juu ya kamera yenye kichwa kinachogeuka, kama Godox TT600 au Yongnuo YN560. Hizi ni za kurekebisha kwa mkono, hivyo zinahitaji mazoezi. Anza na M (kila kitu unakiweka mwenyewe), shata 1/100, f/5.6, ISO 1600, flashi kwenye 1/8 ya nguvu yake, kichwa kikitazama dari nyeupe kidogo nyuma yako. Picha ikiwa na giza panda hadi 1/4. Iking'aa mno shuka 1/16. Kwenye Canon na Nikon nyingi za ngazi ya mwanzo usipite shata ya 1/200, la sivyo sehemu ya picha itakuwa nyeusi. Kwa mpangilio huu 18-55 yako, iko kwenye f/5.6 inayolaumiwa, inatoa ngozi safi na macho yenye nuru.

Flashi ya darini ina mahali inaposhindwa, na ni mahali tunapofanyia kazi sana: maturubai na kumbi zilizofunikwa vitambaa vya mapambo. Mwanga ukigonga kitambaa cha zambarau unarudi na zambarau usoni mwa watu, na dari ikiwa juu sana au nyeusi haurudi kabisa. Kama nusu ya kazi zako ziko chini ya vitambaa vya rangi, au unapiga ibada ambako flashi hairuhusiwi, hoja ya zumu ya f/2.8 inapata nguvu ya kweli.

Namba zikisema ndiyo

Kwa Canon na Nikon za kioo (DSLR), zenye APS-C, uchaguzi ni mfupi. Sigma 17-50mm f/2.8 EX DC OS HSM ya mwaka 2010 ina kizuia mtikisiko, uzito wa gramu 565 na filta ya 77mm. Tamron 17-50mm f/2.8 iko ya aina mbili: yenye kizuia mtikisiko, inayoandikwa VC, yenye filta ya 72mm, na isiyo nacho, nyepesi zaidi, yenye filta ya 67mm na mota yenye kelele zinazosikika kwenye video. Canon wana EF-S 17-55mm f/2.8 IS USM ya mwaka 2006, gramu 645, ambayo fokasi yake ni ya haraka na tulivu. Kwa anayepiga harusi kwa Canon tungeanza na hii au Sigma ya 17-50, kwa kutegemea ipi inapatikana ikiwa katika hali nzuri. 18-55 yako ina gramu kama 200, kwa hiyo jiandae: baada ya saa sita mkono utaihisi tofauti hiyo.

Sigma 18-35mm f/1.8 ya mwaka 2013 ni ya ajabu kwa mwanga, lakini ina gramu 810, haina kizuia mtikisiko, na inaishia 35mm. Rudi kwenye hesabu ya milimita zako. Kama picha zako ziko 45 hadi 55, lenzi hii itakuacha njiani.

Kwa Sony za APS-C kuna Sigma 18-50mm f/2.8 DC DN ya mwaka 2021, gramu 290 tu na filta ya 55mm, na Tamron 17-70mm f/2.8 yenye gramu 525 na kizuia mtikisiko. Mwenye a6400, ambayo haina kizuia mtikisiko ndani ya kamera, na anayepiga video mkononi, achukue Tamron. Anayepiga picha tu na kutembea sana, achukue Sigma.

Kosa tunaloliona mara kwa mara ni kununua 24-70mm f/2.8 kwa ajili ya APS-C, kwa sababu ndiyo inayoonekana mikononi mwa wakubwa. Pima hili kwa sebule. Familia imejipanga ukutani na wewe umeshafika mwisho wa nafasi, mita 3 kutoka kwao. Kwa sensa ya Canon yenye upana wa milimita 22.3, lenzi ya 17mm inakamata upana wa takriban mita 3.9, ya 18mm takriban mita 3.7, na ya 24mm takriban mita 2.8. Zaidi ya mita moja ya ukuta imekatika, na shangazi wawili wamesimama kwenye hiyo mita. 24-70 inunuliwe na mwenye fulu fremu, au anayeihamia ndani ya miezi michache na ana uhakika wa fedha ya kamera yenyewe.

Suala la kuhamia lina upande wa pili. Lenzi za EF-S, yaani za Canon za APS-C, hazifungi kwenye Canon za kioo zenye fulu fremu. Za DX, yaani za Nikon za APS-C, zinafunga kwenye fulu fremu, ila kamera inakata picha: D750 yenye megapikseli 24 inabaki na takriban 10. Anayekwenda Canon za R, zisizo na kioo, atatumia lenzi zake za EF na EF-S kupitia adapta ya Canon bila kupoteza fokasi ya otomatiki, ingawa kwenye R ya fulu fremu ile EF-S nayo itakatwa. Sigma na Tamron za zamani zijaribiwe kwenye adapta hiyo kabla ya kulipa.

Kukagua lenzi iliyotumika

Nyingi utakazokutana nazo zitakuwa zimetumika, na ukanda wetu una adui wake: kuvu. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar zina unyevu wa kutosha kuotesha kuvu ndani ya lenzi iliyokaa kabatini msimu mmoja wa mvua.

Nenda na kamera yako, memori kadi tupu na tochi ya simu. Toa vifuniko vyote viwili. Shika lenzi ikitazama juu, weka tochi upande wa nyuma ikiwa imeinama kama nyuzi 30, na uchungulie kwa mbele huku ukizungusha lenzi taratibu. Vumbi ni vinukta vilivyosambaa, na vinukta vichache havina madhara. Kuvu ina umbo: nyuzi nyeupe zenye matawi, kama mizizi ya mche au utando wa buibui, mara nyingi ikianzia ukingoni mwa kioo. Ukiona matawi, rudisha lenzi hata kama bei imeshushwa nusu. Kusafisha kunahitaji fundi kufungua vioo na kuvirudisha kwenye mstari wake, na kuvu iliyokaa muda mrefu hula ule utando wa rangi ulio juu ya kioo, ambao haurudi. Ukungu mweupe ulioenea sawasawa, kama pumzi kwenye dirisha, nao ni sababu ya kuondoka.

Kisha angalia pete ya filta: ikiwa na bonde, lenzi iliwahi kuanguka. Angalia vichwa vya skrubu za nyuma: vikiwa vimechubuka, ilishafunguliwa. Ifunge kwenye kamera, weka M, f/16, shata sekunde 1, igeuzie uso wake kwako na ubonyeze: utaona mapanga yakijikunja kwa haraka na kubakiza kitundu kidogo katikati, kisha yakifunguka. Yakichelewa au yakiwa na mng'ao wa mafuta, iache. Canon ikitoa Err 01 (kamera na lenzi haziwasiliani), futa miguso ya umeme iliyo nyuma ya lenzi kwa kitambaa kikavu na ujaribu tena. Ikirudi kwa f/8 lakini f/2.8 inapiga vizuri, mfumo wa tundu uko njiani kufa, na wauzaji wengine huonyesha picha za f/2.8 pekee. Bonyeza shata nusu, usikilize kizuia mtikisiko kikinong'ona na utazame picha ikitulia kwenye tundu la kuchungulia. Elekeza lenzi chini: zumu ikiporomoka yenyewe kutoka 17 hadi 50, imetumika sana. Mwisho piga lile gazeti, au ukuta wenye maandishi, na utazame pembe nne hapo hapo.

Ukiweza kukodi lenzi ya aina hiyo kwa kazi moja kabla ya kununua, kodi. Baada ya kazi hiyo rudia hesabu ya folda mbili. Kama folda ya zilizotupwa haijapungua, umepata jibu kwa gharama ya kodi ya siku. Kwa upande wa fedha, kipimo chetu ni hiki: kama faida safi ya kazi 10 haitoshi kuilipa lenzi pamoja na filta yake, endelea kukodi kwa zile kazi zenye giza tu.

Ikishakuwa yako, itunze kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na silika jeli na kipima unyevu kidogo, na uiweke kati ya asilimia 40 na 50. Usiihifadhi kwenye begi la ngozi. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda joto la nje, ifunge ndani ya mfuko wa plastiki kwa nusu saa kwanza, matone ya maji yatokee juu ya mfuko na si juu ya kioo. Na usipige kila kitu kwa f/2.8 eti kwa sababu umeilipia: kwa 50mm na watu walio mita 4, kina kinafikia kama sentimita 70, kiasi cha safu mbili zilizobanana. Safu ya tatu ikija, funga hadi f/5.6 na uwashe flashi.

Ile 18-55 usiiuze. Bei yake mkononi ni ndogo, gramu 200 hazilemei begi, na siku ambayo lenzi kubwa itatoa Err 01 saa tatu usiku keki ikiwa bado haijakatwa, utaifunga kwenye kamera, utageuza flashi kuelekea darini, na kazi itaendelea.